Monita inawaka sekunde mbili kisha giza: usiitupe kwanza

Salaam mkuu. Umesema picha inatokea sekunde mbili hivi, kisha giza, ilhali taa ya kitufe inabaki imewaka. Anza kwa kubadilisha kebo na kuijaribu monita kwenye kompyuta nyingine.

Ikigoma, zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ukiwa umeisogeza karibu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma yake au umeme unaozilisha. Yangu ilikuwa hivyohivyo. Fundi alipoifungua tulikuta kapasita mbili (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za bodi ya umeme zimevimba vichwa. Alibadilisha hizo tu, na hadi leo naitumia. Nakusihi usiifungue mwenyewe kama hujazoea, maana kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Kioo kikiwa kimepasuka, au kina doa jeusi linalosambaa kama wino, mimi nisingetengeneza: paneli (kioo chenyewe) peke yake mara nyingi hukaribia bei ya monita nzima.

Hujaeleza kama ikishapata joto hukaa na picha muda mrefu zaidi. Ikiwa ndivyo, nashuku kapasita kabla ya kitu kingine.