Baiskeli ya umeme ya mizigo kwa anayeishi ghorofani

Ndugu, umeuliza kama baiskeli ya umeme ya kubebea watoto na mizigo itakufaa, nawe unakaa ghorofa ya tatu bila lifti. Hapo kwenye ngazi ndipo penye tatizo kubwa. Nyingi zina kilo 30 hadi 60, na zenye sanduku mbele hufikia urefu wa mita 2.5. Kama huna pa kuifungia chini, usinunue.

Chagua yenye betri inayochomoka, uichajie mbali na mlango wa kutokea. Ikivimba au ikinuka, acha kuichaji, itoe nje, umwite fundi wa betri za lithiamu.

Breki ziwe za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya waya. Mzigo hula pedi haraka, hasa mteremkoni. Ulizia spea za mota kabla ya kulipa.