Mkazo katika mishipa ya damu: maneno kwa wanaoanza maabara hapa Bukavu

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, mtasikia sana neno "mkazo", na wengi wenu mtalichukua kuwa ni madhara, kana kwamba seli yenye mkazo ni seli inayoumia. Kwa seli za endotelia, zile zinazotandaa kwenye ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, sivyo. Damu inayopita juu yake huzisugua, na kwa msuguano huo seli hutambua kama mshipa unapaswa kupanuka, kutulia au kufungwa.

Mtaalamu wa patholojia Mjerumani, Richard Thoma, aliliandika jambo hili mwaka 1893 baada ya kuchunguza viinitete vya kuku: vimishipa ambamo damu ilikwenda kasi vilipanuka, na vile ambamo ilizorota vilinywea hadi vikatoweka. Ninapenda kuanzia hapo kwa sababu mayai tunayo. Seli zilizooteshwa kwenye kisahani chenye maji yaliyotulia hazisikii mtiririko wowote, hata zigharimu kiasi gani, ilhali moyo wa kiinitete cha kuku huanza kudunda kabla siku ya pili ya kuatamiwa haijaisha, na siku ya tatu mishipa yake huonekana kwa macho. Ila msinunue mayai sokoni Kadutu bila kuuliza yalikotoka, kwani kuku asiyeishi na jogoo hutaga yai lisilo na kiinitete.

Kulifungua yai kunataka mkono mtulivu. Lilazeni kwa ubavu, toboeni upande uliochongoka, mvute mililita 2 hadi 3 za ute kwa bomba la sindano ili kiinitete kishuke na kuachana na ganda, ndipo mkate dirisha dogo juu na kulifunika kwa utepe wa gundi. Chini yake mtaona wavu mwekundu umetandazwa juu ya kiini cha njano, na katikati nukta inayodunda.

Kazi ngumu ni kutenganisha mkazo wa msuguano na mkazo mwingine, ule wa upungufu wa oksijeni. Tishu ikipungukiwa oksijeni, protini iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu inapotengenezwa, hubaki na kuchochea utengenezaji wa VEGF, protini inayoziamsha seli za mishipa zichipue matawi mapya. Seli ya endotelia inayoipokea VEGF hutangulia, ikichomoza nyuzi nyembamba za kupapasia njia, na kwa kutumia Notch, protini ambayo seli zinazogusana hupashana habari kwayo, huwazuia jirani zake wasitangulie pia, nao hubaki nyuma wakigawanyika na kurefusha tawi. Damu ikishapita katika tawi hilo, msuguano unashika usukani: seli hujinyoosha kufuata mtiririko, na zile zilizo kwenye tawi lenye mtiririko dhaifu huweza kulihama na kujiunga na tawi lenye nguvu. Kwa hiyo mkikuta mshipa umetoweka, msikimbilie kuandika kwamba seli zimekufa.

Mimi nilikosea vibaya zaidi. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa saa kadhaa, mashine ya kutotoleshea ikapoa, na asubuhi nikafungua kwanza mayai niliyokuwa nimeyatilia dawa. Mishipa ilikuwa myembamba, nami nikaandika kwa furaha kwamba dawa inazuia mishipa kukua. Mayai ya kulinganishia niliyafungua mchana, yalipokuwa yamekwisha kupata joto tena, yakaonekana mazima. Nilipolirudia jaribio kwa kufungua yai la dawa na la kulinganishia kwa zamu, tofauti ile haikuonekana tena.

Wekeni kipimajoto ndani ya mashine, si ukutani, mhakikishe kinasoma kati ya nyuzi 37.5 na 38 za Selsiasi, na kila mara mwandike saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Kisha, kabla ya kupima upana wa mshipa wowote, hesabuni mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Baridi hupunguza mapigo, mapigo yakipungua damu huenda polepole, na msuguano ukilegea mshipa hujipunguza wenyewe, pasipo tone lolote la dawa.