Mtumishi Mpya Huamua Kuhama Wiki ya Kwanza

Juzi mkuu wa idara kwenye halmashauri moja ya pembezoni kaniandikia: "Dada, nikipokea watumishi wapya, mwaka hauishi maombi ya uhamisho yamejaa kwenye mfumo. Niwaongeze nini?"

Uwaongeze nini, mdogo wangu, na mshahara hupangi wewe? Kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania kilipopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, kilipanda kwa wa Ilala na kwa wa kijiji kisichopitika masika. Hata kumchagua hukumchagua. Tangazo, mchujo, mahojiano, yote ni ya Sekretarieti ya Ajira, chombo cha kuajiri watumishi wa umma. Wewe unaletewa mtu na barua yake ya kupangiwa kituo. Pengine katolewa kanzidata, ile orodha ya waliofaulu usaili wakakosa nafasi, na alishakata tamaa akafungua kibanda cha kutoa pesa.

Ulichobakiziwa ni mapokezi na faili. Basi.

Aliwahi kuja kijana wa maabara, Ijumaa jioni, godoro limefungwa kamba, vyeti kwenye bahasha ya kaki iliyolowa jasho. Masijala walikwishafunga. Ofisi nyingi angeambiwa "njoo Jumatatu", akalale anakojua yeye. Mimi nilimpigia mtendaji wa kata, akamtafutia chumba kwa mama mmoja karibu na zahanati. Jumatatu saa mbili faili likafunguliwa, taarifa zake zikaingia kwenye mfumo kabla dirisha la mshahara halijafungwa, nikamfuata mweka hazina mwenyewe kuhusu posho ya kujikimu. Mweka hazina alinuna, akalipa. Yule kijana yupo mpaka leo, kaoa hukohuko, na wagonjwa wanamuulizia kwa jina. Najivunia, sifichi.

Maana mimi sikupokelewa hivyo, wala sikutunzwa. Nilikaimishwa ukuu wa kitengo. Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma zinasema kukaimu kusizidi miezi sita. Nilikaimu hadi wageni wakadhani ndicho cheo changu. Kisha akaletwa mwingine kutoka nje, na nikaambiwa nimwelekeze kazi. Nikamwelekeza. Posho ya kukaimu bado ni madai, nina nakala za barua zote.

Kwa hiyo ninyi wakuu wa idara mnaosoma hapa, nisikilizeni vizuri. Miezi 12 ya majaribio ikitimia, mtu apewe barua ya kuthibitishwa kazini. Asije kuikumbushia akiwa amesimama mlangoni kama anaomba mkopo. Kupanda daraja nako hakuanzii siku ya kupanda: usipomwombea nafasi kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi za mwaka, na kwenye bajeti, mwaka wake unapita na wenzake wa halmashauri jirani wanapanda. Sisi tuliokwama wakati wa uhakiki wa watumishi wa 2016, kupanda madaraja kuliposimamishwa, tunajua mtu anavyoishi akihesabu daraja lililopotea. Halafu mnashangaa anachelewa kazini!

Na upimaji. Enzi za OPRAS, upimaji wa zamani wa fomu za karatasi, fomu zilijazwa Juni kwa mkupuo, bosi anasaini huku anaongea na simu. Ikaja PEPMIS, mfumo wa kompyuta, ili kazi ipimwe mwaka mzima. Nimeona ofisi ambayo nywila ya bosi anayo katibu muhtasi, ndiye anayewapa watu alama! Mchapakazi akilingana alama na anayeshinda kantini, ataomba kuhama, na ana haki.

Wapo watakaoondoka hata uwabebe. Anayemfuata mwenza mpitishie maombi yake mapema. Ukimzuia utabaki na jina lake kwenye daftari la mahudhurio, mwenyewe kila wiki yuko safarini. Wa kubadilishana naye kituo akipatikana, usikae na karatasi zao.

Nikujibu sasa, mdogo wangu. Kabla hujaita kikao cha kuwasihi watu wabaki, toa faili la kila aliyeomba uhamisho. Angalia kama amethibitishwa, kama posho yake ya kujikimu aliporipoti ililipwa, kama jina lake limo kwenye ikama ya mwaka ujao. Ukishajua, niandikie tena kabla hamjapeleka bajeti.