Agiza kingamwili kwa kloni, si kwa CD tu

Wengi wakiagiza kingamwili za monokloni (za aina moja tu, zinazotiwa rangi ili kutambua seli kwenye mashine ya flow cytometry) huandika "CD4, rangi ya PE", basi. Haitoshi. CD4 ni protini iliyo juu ya seli; CD na namba yake ni jina tu la protini ya namna hiyo. Kloni, yaani ukoo wa seli uliozalisha kingamwili hiyo, ndiyo inayokwambia kingamwili itashika sehemu gani ya protini hiyo. Mfano ni kloni ya OKT4. Wapo watu, hasa wenye asili ya Afrika, waliorithi tofauti ndogo kwenye CD4, na OKT4 haiishiki kabisa. Seli T zao (seli za kinga zenye CD4) zipo na zinafanya kazi, ila kwenye grafu utaona patupu. Kwa sampuli za hapa Dar es Salaam, chukua SK3 au RPA-T4, maana hizo hushika sehemu nyingine.

CD4 nayo isisimame peke yake. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, wanayo pia, hafifu, kwa hiyo ioanishe na CD3, alama ya seli T. Seli B zitafute kwa CD19.

Kisha tafuta kipimo cha kingamwili kinachofaa. Mikrolita 5 zilizoandikwa kwenye kijikaratasi mara nyingi ni nyingi mno, na pesa ni yako. Weka seli milioni 1 katika mikrolita 100, anza na 5, punguza nusu kwa nusu: 2.5, 1.25, 0.6, 0.3. Chagua pale kundi chanya lilipoachana zaidi na hasi, si pale panapong'aa kuliko pote. Ikizidi, kingamwili hunata ovyo. Monosaiti huidaka kwa vipokezi vya Fc (vinavyoshika mkia wa kingamwili), kwa hiyo vizibe kwanza kwa dakika 10. Seli mfu ndizo sumbufu zaidi: hunasa karibu kila kitu, hivyo usiache rangi ya kuzitenga.

Friji iwe nyuzi 2 hadi 8. Kugandisha ni marufuku: rangi za PE na APC ni protini, barafu huziharibu. Rangi pacha kama PE-Cy7, yaani rangi mbili zilizounganishwa, ndizo dhaifu kuliko zote. Umeme ukikatika mchana kutwa, au tyubu ikisahaulika mezani kwenye mwanga, kiungo kinavunjika na PE inabaki ikiwaka peke yake. Hapo utashangilia kundi jipya la seli ambalo halipo.

Damu ya EDTA (kemikali ya kuizuia isigande) isiwekwe kwenye barafu; inataka nyuzi 18 hadi 25. Ikitoka Mbagala kuja Upanga na foleni ile, isafirishe kwenye kasha la povu, kamwe si kwenye buti la gari.