Usiuze kiwanja kwanza

Dada, umeuliza kama muuze kiwanja ili mama apelekwe nje kuchomwa sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) kwenye magoti yaliyosagika. Mimi nisingeuza. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likishalika halirudi, na haijathibitika kwamba sindano hiyo huliotesha upya. Marekani waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 400 wa magoti kama ya mama, matokeo yakatoka 2023: baada ya mwaka, seli hazikuishinda sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, wala picha za MRI hazikuonyesha tofauti. Korea Kusini waliidhinisha Cartistem, tiba ya seli shina ya magoti, mwaka 2012, lakini ile hupandikizwa kwa upasuaji, si sindano.

Mwulize wakala anayewauzia tiba hiyo akuonyeshe MRI za kabla na baada. Akikutumia shuhuda za WhatsApp tu, achana naye.

Kwa sasa mama aimarishe misuli ya paja: akae kitini, anyooshe mguu, aushikilie kidogo, aushushe taratibu. Uzito kama umezidi, upungue. Ikishindikana kabisa, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanabadilisha magoti; hela ya kiwanja, kama ni lazima, ingoje huko.