Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Uuguzi Mlangoni kwa Mbunge

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi walio katika nchi tatu, na zote zinauliza namna ya kuwafikia watunga sheria. Mjibuji wetu, ambaye ni muuguzi mstaafu, amezijibu kwa pamoja. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga mkoani Mwanza. Katika mafunzo kwa vitendo nilipangiwa wodi ya watoto njiti, na huko niliwahudumia akina mama wawili waliolala vitanda jirani. Mmoja ni mwalimu katika shule binafsi, na mwajiri wake alikwisha kumkumbusha kwa barua tarehe ya kurudi kazini, ilhali mtoto alikuwa na gramu 1,400 na bado akilishwa maziwa kwa mpira wa puani. Wa pili anauza mboga gengeni. Hana mwajiri wala likizo, na kila siku aliyokaa wodini ilikuwa siku isiyo na mauzo. Wanafunzi tumekubaliana kumwandikia mbunge ili sheria ibadilishwe, lakini baadhi ya wenzetu wanasema tunajisumbua, kwamba mbunge hana muda na wanafunzi na chuo kitatuona wakorofi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniletea akina mama wawili katika barua moja, na kosa ambalo ningependa mliepuke ni kuwapeleka wote wawili katika mlango mmoja.

Huyo mwalimu hahitaji sheria mpya. Kwa miaka mingi mama aliyeajiriwa alikuwa na siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na siku hizo zilihesabiwa vilevile hata kama mtoto alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati na nusu ya likizo ikaishia wodini. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ililipigania jambo hili kwa miaka kadhaa mbele ya wabunge na Serikali, na mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kazi yanayoongeza muda wa kumlea mtoto njiti katika likizo ya mama yake. Kwa hiyo barua ya mwajiri huyo ijibiwe kwa sheria iliyopo. Mwelekezeni mama kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali na kwa afisa kazi wa mkoa, tena mapema, kabla tarehe aliyopewa haijafika. Inawezekana kabisa kwamba mwajiri hana habari kuwa sheria imebadilika. Nimeona hata maofisa utumishi wakifanya kazi kwa nakala ya zamani.

Muuza mboga ndiye mwenye swali gumu. Sheria ya likizo haimgusi kwa sababu hakuna mtu anayemlipa mshahara ambaye angelazimishwa kuendelea kumlipa. Mkimwomba mbunge wenu apeleke muswada wa kumpatia posho mama wa aina hii, mtakuwa mmemwomba jambo asiloweza kulifanya, kwa kuwa ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi au unaotumia fedha za Serikali isipokuwa Rais awe amependekeza hivyo kupitia kwa waziri. Mbunge anaweza kuleta muswada binafsi, naam, lakini si wa kuchota hazina. Mtazameni basi mama huyu kwa upande wa bima na wa bajeti. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilisomwa bungeni mara ya kwanza Septemba 2022, ikasimama zaidi ya mwaka mzima kwa sababu kubwa moja, yaani fedha za kuwalipia wasio na uwezo zingetoka wapi, na hatimaye ikapitishwa Novemba 2023. Waliopeleka maoni katika kipindi kile cha kungoja walikuta mlango uko wazi. Leo kazi imehamia kwenye kanuni za waziri, kwenye utaratibu wa kumtambua asiye na uwezo, na kwenye makadirio ya kila mwaka, na hapo ndipo mbunge anapoweza kuwasaidia: anaweza kumwuliza waziri swali, anaweza kuchangia hotuba ya bajeti kati ya Aprili na Juni, na kwa kuwa yeye pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, anaweza kuhoji fedha za kituo cha afya cha jimboni kwake bila kusubiri Dodoma. Kumbukeni pia kwamba zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Nimekwisha kushuhudia swali zuri likiulizwa kwa waziri asiyehusika, na jibu likawa fupi kama mnavyoweza kudhani.

Endapo siku moja kutakuwa na muswada mezani, jueni njia unayopita. Unachapishwa katika Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha unapelekwa kwenye kamati, na kamati ndiyo inayowaita wadau kutoa maoni kwa maandishi na kwa mdomo. Unasomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, unasomwa mara ya tatu, na mwisho unapelekwa kwa Rais. Wanafunzi wengi huamka siku ya mjadala, wakati televisheni inaonyesha wabunge wakigonga meza, na wakati huo jambo limekaribia kwisha. Mahali pa kutia mkono ni kwenye kamati, na mkichelewa hapo, kwenye jedwali la marekebisho, yaani karatasi ambayo mbunge huwasilisha akitaja kifungu anachotaka kibadilishwe na maneno anayotaka yawekwe mahali pake. Muswada ukiletwa kwa hati ya dharura, muda huo hufupishwa sana, kwa hiyo asiye na maoni yaliyokwisha kuandikwa hukosa nafasi. Faraja ni kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo hakuna sababu ya mwanafunzi kusubiri afasiriwe kifungu na mtu mwingine.

Kuhusu kusikilizwa, nitakusimulia aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, sisi wanne tulimpelekea mbunge mmoja waraka wa kurasa kumi na moja kuhusu hali ya wodi ya wazazi. Tulieleza historia ya uuguzi, tukaeleza umuhimu wa afya kwa taifa, tukaeleza mapenzi yetu kwa wagonjwa. Aliusoma pale pale, ukurasa mmoja mmoja, nasi tumekaa kwenye benchi tukimtazama, kisha akauliza kwa upole: "Sasa mnataka nifanye nini?" Tukatazamana. Hatukuwa tumeliandika hilo popote.

Ninyi andikeni ukurasa mmoja. Anzeni na mnachoomba, kikiwa kitendo ambacho mbunge anaweza kukifanya kwa mkono wake mwenyewe: aulize swali hili, asimamie kifungu hiki, asukume fedha hizi ziingizwe katika bajeti ya halmashauri. Kisha elezeni mlichokiona, na hapa mwanafunzi ana mali ambayo wataalamu wa wizara hawana. Mtu aliyekaa zamu ya usiku anajua kwamba mama aliyemfunga mtoto kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, hawezi wakati huohuo kusimama kwenye foleni ya duka la dawa; anajua ni akina mama wangapi wanaotumia kiti kimoja, na ni saa ngapi muuguzi mmoja hubaki peke yake na watoto wote. Hesabuni. Idadi mliyoihesabu wenyewe katika zamu zenu ina uzito kuliko takwimu ya taifa mliyoinakili.

Hata hivyo siri ya mgonjwa haivunjwi kwa sababu nia ni njema. Msitaje jina, kijiji, namba ya kitanda wala tarehe ya kujifungua, na msipige picha wodini hata kama uso wa mtoto hauonekani. Katika barua yako kwangu umetaja kazi ya mama, aina ya shule na uzito wa mtoto. Mkimwandikia mbunge wa jimbo lenye shule chache, hayo matatu yanatosha kumtambulisha. Semeni "mama aliyeajiriwa" na inatosha.

Na chuo? Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye na taifa lake, nanyi hamkuiacha getini mlipovaa sare. Lakini si vizuri mkuu wa chuo asikie habari zenu kwa mbunge. Mpelekeeni nakala kupitia serikali ya wanafunzi, ombeni barua ya utambulisho, na zungumzeni na tawi la Chama cha Wauguzi Tanzania lililo karibu, kwa maana wao wanajua ni nani anayeandaa ratiba za mbunge. Sare iacheni bwenini kama chuo hakijawatuma rasmi: mtakwenda kama wananchi wanaosomea uuguzi, na hakuna atakayedai kwamba mmesema kwa niaba ya hospitali.

SWALI: Mama Mshauri, pokea salamu kutoka Kilifi, Kenya. Katika hospitali ninayofanyia mazoezi, glavu huisha kabla ya mwezi kwisha na wauguzi hutuagiza tununue zetu. Darasa letu limeandaa ombi la kupeleka Bunge la Kitaifa. Mwenzetu mmoja anasema twende kwa mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzenu yuko sahihi, ingawa najua wadi haina fahari ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vituo vya afya, magari ya wagonjwa na huduma za afya ya msingi, na likaiachia serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Glavu za hospitali ya kaunti hununuliwa kwa bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo hupitishwa na bunge la kaunti.

Angalieni kalenda kabla ya kuangalia lugha ya ombi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, makadirio ya matumizi hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hutangulia kufikia Februari 28. Ombi likifika Juni, fedha zimekwisha kugawanywa, nalo litapigiwa makofi na kuwekwa kabatini. Katiba, katika ibara ya 196, inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuliandikia ombi, kwa hiyo hakuna fadhila mnayoomba.

Mlango wa Nairobi upo kwa mambo mengine. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Sheria za afya za Oktoba 2023, pamoja na ile ya bima ya afya ya jamii iliyoondoa mfuko wa zamani wa bima, NHIF, na kuleta mamlaka mpya, SHA, ni za Nairobi. Mkiwa na malalamiko juu ya maneno ya sheria hizo, pandeni basi. Kwa glavu, mwandikieni mwenyekiti wa kamati ya afya ya bunge la kaunti, mkionyesha zilipokewa katoni ngapi na ziliisha tarehe gani.

SWALI: Mama, mimi ni Mtanzania niliye Minnesota, Marekani, nina kadi ya ukaazi wa kudumu na nasomea uuguzi. Mwalimu wetu anatupeleka St. Paul kuzungumza na wabunge wa jimbo juu ya idadi ya wagonjwa wanaohudumiwa na muuguzi mmoja. Naogopa, kwa sababu si raia. Nijitoe?

JIBU: Usijitoe. Kusema na mbunge hakuhitaji uraia, na wewe unaishi katika eneo lake, unalipa kodi, na ukihitimu utapewa leseni na jimbo hilohilo, kwa kuwa huko leseni za uuguzi na sheria nyingi za kazi ya wodini ni za jimbo. Bunge la Minnesota lina maseneta 67 na wawakilishi 134. Tafuta mapema seneta wako mmoja na mwakilishi wako mmoja kwa anwani yako, kisha waambie mtaa unaoishi kabla ya kutaja chuo.

Jambo mnalolipeleka lina historia, nawe uijue. California ilitunga sheria ya uwiano wa wauguzi na wagonjwa mwaka 1999, lakini ilianza kutumika Januari 2004, na mwaka uliofuata muuguzi wa wodi ya kawaida akashushwa kutoka wagonjwa 6 hadi 5 baada ya wauguzi kwenda mahakamani kuzuia gavana asiahirishe hatua hiyo. Mbunge atakuuliza wauguzi wa kutosha watatoka wapi na nani atawalipa. Uwe na jibu la hilo hata kama ni fupi.

Tahadhari yako ni moja tu, na ni ya kweli. Katika siku kama hizo, kwenye kumbi za jengo la bunge, mara nyingi huwa na meza ya vijana wachangamfu wanaogawa fomu za kujiandikisha kupiga kura, na wenzako wote watazijaza wakicheka. Wewe usijaze. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura anaweza kukosa uraia anaouomba, na hata kuondolewa nchini, hata kama alisukumwa na haraka ya kundi. Sema "asante, nimekwisha pitia meza hii", kisha panda ngazi ukamwone seneta wako.