Ulizeni Tujibu: Wahindi Waendao Korea, Wakorea Waendao India

*Ndugu mhariri, nasikia watu wa ukoo wa Kim huko Korea husema bibi yao mkuu alikuwa Mhindi. Historia au ngano? – Mpenda historia*

Kisa kimo ndani ya Samguk Yusa, kitabu kilichokusanywa na mtawa Iryeon karne ya 13. Humo tunaambiwa kuwa mwaka 48 binti mfalme wa nchi ya Ayuta, Heo Hwang-ok, alifika kwa jahazi akaolewa na Mfalme Suro wa Gaya, dola ya kale ya Korea. Kaburi lake lipo Gimhae, kusini mwa Korea, na karibu nalo pana mnara mdogo wa mawe ambao yasemekana aliupakia chomboni ili kutuliza bahari. Wana wawili walipewa ukoo wa mama, na ndiyo sababu kwa mila Kim wa Gimhae na Heo wa Gimhae hawaoani: ni ndugu.

Shida ni kwamba kati ya tukio na kitabu imepita miaka zaidi ya 1,200. Wengi huisoma Ayuta kuwa Ayodhya, mji wa kaskazini mwa India, lakini zama hizo mji huo ulijulikana zaidi kwa jina la Saketa. Wengine huelekeza kidole pwani ya Watamil, kusini mwa India. Ubishi huo haujawazuia watu wa ukoo kwenda kuzuru mnara wa kumbukumbu uliojengwa Ayodhya mwaka 2001. Sisi tunakiweka kisa hiki kwenye masimulizi ya ukoo. Ukitaka msafiri asiye na shaka, mtafute Hyecho, mtawa wa Silla, ufalme wa kale wa Korea, aliyeizunguka India miaka ya 720. Alikwenda kwa bahari, akarudi kwa nchi kavu kupitia Asia ya Kati. Maandishi yake yalipatikana mwaka 1908 katika mapango ya Dunhuang, China, na leo yamehifadhiwa Paris.

*Je, jeshi la India lilipigana katika vita vya Korea? – Msomaji wa siku nyingi*

Halikupigana. India ilipeleka kikosi cha tiba, 60 Parachute Field Ambulance, chini ya Luteni Kanali A. G. Rangaraj. Baada ya mapigano kusitishwa mwaka 1953 ikapeleka askari wa kuwalinda mateka waliokataa kurudi makwao. Mateka 88 hawakutaka Kaskazini wala Kusini, wakapelekwa India mwaka 1954. Baadaye wengi wao walihamia Brazil na Argentina.

*Shemeji yangu ni raia wa India. Wakala anamdai pesa ampeleke kiwandani Korea Kusini kwa viza ya E-9. Alipe? – Mwenye wasiwasi*

Asitoe hata senti. E-9 hutolewa kwa raia wa nchi zilizowekeana mkataba maalumu wa ajira na Korea Kusini. Nepal, Bangladesh, Sri Lanka na Pakistan zimo. Hadi tunakwenda mitamboni, India haimo. Hata kwa nchi zilizomo, kazi hiyo haipiti kwa mawakala binafsi: mwombaji hufanya mtihani wa Kikorea, jina lake huingizwa kwenye orodha ya serikali, na mwajiri huchagua humo.

Raia wa India anayo milango mingine. Kuna E-7 kwa wataalamu wenye mkataba na mwajiri, wakiwemo wapishi wa vyakula vya kwao, na D-2 kwa wanafunzi. Upo pia mmoja ambao wengi hawaujui. E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida ni ya nchi saba tu, lakini mkataba wa biashara wa Korea na India ulioanza kutumika Januari 2010 uliwafungulia Wahindi wenye shahada na cheti cha ualimu nafasi ya mwalimu msaidizi. Shemeji yako akiwa mwalimu, aanzie hapo.

*Binti yangu ana pasipoti ya India na amekubaliwa na chuo Korea. Makaratasi gani huwakwamisha watu? – Mzazi*

Kwanza, asikipige cheti laminesheni. Familia nyingi za India hufanya hivyo kwa nia njema ya kukitunza, halafu stika ya apostili, yaani uthibitisho wa hati unaotambulika kimataifa, inakosa pa kukaa, maana hubandikwa mgongoni mwa karatasi yenyewe. Korea na India zote zimo katika mkataba wa apostili, kwa hiyo cheti kikishapata stika hiyo hakihitaji mhuri mwingine wa ubalozi. Utaratibu ni ngazi mbili: kwanza cheti huthibitishwa na mamlaka ya jimbo kilikotolewa, kisha huenda Wizara ya Mambo ya Nje, ambako hupokewa kupitia kampuni zilizoteuliwa. Ngazi ya jimbo ndiyo inayokula wiki. Cheti cha Kerala hakithibitishwi Delhi, hata kama binti anaishi Delhi.

Pili ni kifua kikuu. India imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaoomba viza ya kukaa muda mrefu hutakiwa kuleta cheti cha kupimwa. Kipatikane katika hospitali inayotambuliwa na ubalozi wa Korea. Cha zahanati ya mtaani kitarudishwa.

Tatu ni jina, na hapa ndipo penye maumivu. Watu wengi wa kusini mwa India hawana jina la ukoo. Wana jina lao na herufi ya jina la baba, na pasipoti huacha nafasi ya ukoo wazi. Barua ya chuo ikiandika "Priya S", pasipoti ikiandika "Priya Subramanian" na cheti cha sekondari "S. Priya", ofisa wa viza ana watu watatu mezani. Binti arekebishe pasipoti kabla ya kuomba chuo, kwa sababu viza, kadi ya ukaazi, akaunti ya benki na laini ya simu vyote vitanakili jina la pasipoti. Mifumo ya Korea ya kuhakiki mtu kwa simu hulinganisha herufi kwa herufi; nafasi moja iliyozidi yatosha kumkatalia.

Akifika, aombe kadi ya ukaazi kabla ya siku 90 kwisha. Bima ya afya ya taifa ni lazima kwa wanafunzi tangu Machi 2021. Kibarua asikiguse kabla ya kupata ruhusa ya uhamiaji. Na kama anasoma kwa ufadhili wa serikali ya Korea, ule wa GKS, mwaka wa kwanza ni wa lugha: asipofikia kiwango cha 3 cha TOPIK, mtihani wa Kikorea, shahada haianzi.

*Na Mkorea anayehamia Chennai, kusini mwa India, kikazi? – Ofisa utumishi*

Kwa ziara fupi, raia wa Korea Kusini hupewa viza ya siku 60 akitua katika viwanja sita vikubwa, Chennai kikiwemo. Mwenye viza inayozidi siku 180 hujiandikisha uhamiaji ndani ya siku 14, mtandaoni. Kinachokwamisha ni mwenye nyumba. Anatakiwa kutoa taarifa ya mgeni ndani ya saa 24. Asipofanya hivyo, ombi la mpangaji hukaa tu. Jukumu hilo liandikwe kwenye mkataba wa pango.

Asisahau cheti cha hifadhi ya jamii kutoka mfuko wa pensheni wa Korea. Mkataba wa nchi hizi mbili ulioanza Novemba 2011 humsamehe mtumishi aliyetumwa na mwajiri wake kuchangia kotekote kwa hadi miezi 60. Bila cheti hicho, asilimia 12 ya mshahara wake hukatwa India.

*Kitamil na Kikorea ni lugha ndugu? Zote zina "appa". – Mwanaisimu chipukizi*

"Appa" ni baba huku na huku, na "pul" ni nyasi huku na huku. Mmarekani Homer Hulbert alizilinganisha kitabuni tangu 1905. Wanaisimu wa leo wengi huona ni sadfa tu. Faida iliyopo ni ya darasani: lugha zote mbili huweka kitenzi mwisho, kwa hiyo Mtamil haishangai sentensi ya Kikorea.

*Nitampikiaje kimchi rafiki Mhindi asiyekula nyama, samaki, vitunguu wala saumu? – Mpishi*

Kimchi, yaani kabichi ya Kikorea iliyochachuliwa, kwa kawaida ina uduvi wa chumvi au mchuzi wa dagaa, hata kama huuoni. Fuata jiko la mahekalu ya Kibudha. Kabichi ya Kichina kilo 2 itie chumvi ya chengachenga gramu 200, iache saa 6 hadi 8, ukigeuza. Kunja shina la jani: likivunjika bado, likipinda tayari. Suuza mara tatu, chuja saa 2. Chemsha mwani mkavu gramu 10 na uyoga mkavu wanne katika nusu lita ya maji. Chukua robo lita ya maji hayo, pika uji mwepesi kwa vijiko viwili vya unga wa mchele, na ukipoa tia pilipili ya Kikorea gramu 80, tangawizi, peasi lililokunwa na vijiko vitatu vya sosi ya soya. Ukitumia pilipili ya Kashmir tia nusu, kwani ni unga laini na hufanya tope. Paka majani mchanganyiko huo, kisha jaza chupa robo tatu tu, maana hufura. Katika joto la Chennai siku moja yatosha, kisha friji.

Mjaini (mfuasi wa Ujaini, dini ya India) mshika dini hata hii hataila, kwani hali mizizi wala kilicholala kikachacha. Na angalia mvuje, kile kikolezo cha utomvu wenye harufu kali: Mhindi aliyeacha saumu huutia kuziba pengo, ilhali kwa mtawa wa Kikorea mvuje ni mmoja wa vikolezo vitano vilivyokatazwa, pamoja na saumu yenyewe. Wakija wote wawili, uache.